Bahasha ya Arobaini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi ya ndugu wa tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekwisha kuoga vumbi la barabara na umekaa mahali penye kivuli, kwa maana si barua ya kusomwa umesimama. Kiuno kinaendeleaje na lile greda? Ulipopiga simu mara ya mwisho ulisema kiti chake kimechakaa hata unahisi kila jiwe linalopita chini yako. Tafuta mto, kaka. Chuma hakimwonei huruma mtu aliyepita miaka arobaini.

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya mambo yalivyo. Mama vidonda vyake vya tumbo vimetulia, ingawa ukimwuliza atakwambia anakufa kesho, kisha atakula kutushinda sote. Binti yako ameng'oka meno mawili ya mbele na analiringia pengo lake kama mtu aliyepewa cheo. Amejifunza kupiga mluzi kupitia hapo, na nyumba haina amani tena.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Nimejaribu kupiga mara tatu. Kila ukisema, "Haya, niambie, mdogo wangu," najikuta nakuuliza habari za mvua. Kwenye simu mtu anaweza kulia akasamehewa kabla hajasema alichokifanya. Kwenye karatasi ni lazima kisemwe. Kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali.

Kabla hujaondoka kwenda kazini, wifi alikuwa anaanguka mara tatu au nne kwa juma. Hayo unayajua kuliko mimi, kwani wewe ndiwe uliyekuwa ukimlaza ubavu na kumfungua vifungo vya shingoni. Unakumbuka alivyoanza kufunga mlango wa chumba chake cha kushonea ili wateja wasimkute chini, nawe ukaung'oa ule mlango bawaba zote kwa hofu kwamba siku moja tungechelewa. Wateja wengine walihamisha vitambaa vyao bila kuaga. Watu bado wanaogopa kifafa kama moto. Wanadhani kinarukia jirani.

Ndipo ukaja ule utafiti kwenye kliniki yetu. Nilipewa kazi ya kuandikisha wagonjwa, katika kile chumba cha mwisho wa ukumbi chenye dirisha linalotazama mawio. Nilikuwa na meza, daftari kubwa la mistari, na kabati la chuma ambalo ufunguo wake niliuvaa shingoni. Ndani ya kabati zilikuwemo bahasha mia moja na sitini zilizofungwa kwa gundi, kila moja na namba yake. Mgonjwa akishaelezwa na kutia sahihi, nilipaswa kuchukua bahasha inayofuata, kuifungua mbele yake na kumsomea kilichoandikwa: dawa ya zamani au dawa mpya. Basi. Hakukuwa na siri baada ya hapo. Kila mtu alijua anachokunywa.

Siku ya kwanza daktari mkuu wa utafiti, yule mzee mwembamba anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu, alitukusanya akatueleza. Dawa ya zamani inajulikana, inawasaidia wengi lakini si wote. Mpya inasifiwa, lakini sifa si ushahidi. "Kama tungejua ipi ni bora," alisema, "kuwanyima nusu ya watu ingekuwa dhambi. Tunapiga kura kwa sababu hatujui. Na asiyejua asichague." Maneno hayo niliwasomea wagonjwa mia moja na sitini. Niliyasoma vizuri kiasi kwamba nilitumwa kuwafundisha wauguzi wa vituo vingine namna ya kuyasema.

Kaka, sikuyaamini hata siku moja. Hakuna aliyeyaamini pale ukumbini. Wagonjwa wakipata mpya walipiga vigelegele, wakipata ya zamani walitazama chini kama walioitwa majina yao wakaambiwa warudi kukaa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wazee walisema yote, sisi tukasikia nusu ya kwanza.

Siku unasafiri ulisimama mlangoni na begi lako, ukacheka, ukaniambia, "Wewe ndiye mwenye ufunguo. Usije ukatuletea ya zamani." Nikakujibu kwamba kura haina ndugu. Tukacheka wote. Juma lililofuata wifi aliandikishwa, akapata dawa mpya.

Yaliyotokea baadaye uliyaona kwa macho yako. Mwezi wa kwanza alianguka mara mbili, mwezi wa pili mara moja, kisha ikawa basi. Ulikuja likizo ukakaa siku tisa, hakuanguka hata mara moja. Aliurudisha mlango wa chumba cha kushonea kwenye bawaba zake kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga na kuufungua kama mtoto, huku sisi tumesimama nje tunacheka. Siku unaondoka ulinishika mabega, ukaniita mkombozi wa nyumba yako. Ungenipiga kofi ningelala vizuri zaidi, lakini hayo nitayafikia.

Mambo yalianza kidogo kidogo baada ya wewe kurudi kazini. Wifi alianza kugonga miimo ya milango kwa bega la kushoto. Nilimtania kwamba siku hizi anatembea kama mlevi anayeona milango miwili na kuchagua ule usiokuwepo. Alicheka sana. Kisha majirani wakaanza kunung'unika kwamba tangu apone ameanza kuringa, anapita ubavuni mwa mtu bila salamu. Alipoambiwa aliumia, akaapa hakuwaona. Siku moja nilimkuta akipapasa meza, anamgombeza binti yako kwa kuhamisha mkasi. Mkasi ulikuwa pale pale, karibu na kiwiko chake cha kushoto. Mtoto alinitazama, mimi nikamtazama.

Mwezi wa tisa tangu aanze dawa ilifika barua kutoka vituo vingine: baadhi ya wanaotumia dawa mpya walikuwa wanapoteza uwezo wa kuona pembeni. Wote wapimwe mara moja. Kipimo chenyewe ni mashine kama bakuli kubwa jeupe. Mgonjwa anaweka kidevu, anakaza macho kwenye kitone cha katikati, na kila akiona mwanga mdogo ukiwaka pembeni anabonyeza kitufe. Nilikaa karibu na mtaalamu wa macho, naona kwenye kioo chake kila mwanga unapowaka. Uliwaka wa kushoto, wa kulia, wa juu, wa chini, mmoja baada ya mwingine, na kidole gumba cha wifi kimelala tu juu ya kitufe. Baada ya muda aliniuliza kwa upole, bila kuondoa kidevu, "Wifi, hawa wataanza saa ngapi?"

Kaka, nimekuwa muuguzi miaka kumi na minne. Nimefunga macho ya watu waliokufa. Sijawahi kusikia swali zito kama lile.

Nilipokwambia kwenye simu kwamba macho yanamsumbua kidogo, "kidogo" lilikuwa neno langu, naye aliniruhusu kulitumia kwa sababu hakutaka uache kazi ghafla. Ukweli ni huu. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Uso wako akikutazama atauona wote, na tundu la sindano analiona. Lakini mtu aliyesimama kando yake kwake hayupo, na gari linalotoka upande kwake halipo. Daktari alimweleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Kinachoweza kuokolewa ni kilichobaki, akiiacha dawa. Aliuliza kama akiiacha ataanza kuanguka tena. Akaambiwa inawezekana. Akasema apunguziwe. Wamempunguzia polepole, na wiki tatu zilizopita alianguka, mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja. Hakuumia. Alipozinduka aliuliza kama mlango ulikuwa wazi.

Sasa nikueleze habari za mtu mwingine, ambaye humjui.

Asubuhi ile wifi alipoandikishwa, kwenye benchi alikaa na mwanamke mmoja mwokaji wa mikate. Sisi wa kliniki tunamwita Tanuri, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya kicheko chake, maana akicheka unahisi joto. Ana tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake, na mtaa mzima unakula mkono wake. Yeye alipata dawa ya zamani. Haikumsaidia sana, aliendelea kuanguka kama mwanzo. Kila mwezi alikuja kuhesabiwa maanguko yake, mimi nikayaandika, naye akinitania kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuandikiwa maanguko yake kwa mwandiko mzuri hivyo.

Mwezi wa kumi alianguka mbele ya tanuri, mlango wake ukiwa wazi. Mkono wa kulia uliungua kutoka kiganjani hadi kiwiko. Madaktari wa upasuaji walijitahidi, lakini vidole viwili vilikatwa. Alipokuja kwangu kwa ajili ya daftari, alikuwa amekonda, mkono umefungwa bandeji nene. Nilishika kalamu nikashindwa kuandika. Akaona. Akaniambia, "Usinitazame hivyo, dada yangu. Ndiyo kura. Mwenzangu wa benchi ilimwangukia mpya, mimi ikaniangukia ya zamani. Sikuandikiwa." Akanipiga piga begani kwa ule mkono mzima, ananifariji mimi.

Kura haikuanguka hivyo, kaka. Mimi ndiye niliyeiangusha.

Asubuhi ile wifi ndiye aliyetangulia kutia sahihi. Bahasha yake ilikuwa ya arobaini na moja. Mwokaji alikuwa bado anapimwa presha na daktari chumba cha pili. Niliingia kwenye chumba cha kabati peke yangu. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Niliitoa bahasha ya arobaini na moja, nikaiinua mbele ya kioo cha dirisha, na kwa sababu karatasi ya ndani ilikunjwa mara moja tu, nikasoma: ya zamani. Nikaitoa ya arobaini na mbili, nikaiinua. Mpya. Haikuchukua muda wa kufunga kamba ya kiatu. Nilitoka nikamwambia wifi asubiri kidogo, kuna fomu imepungua. Mwokaji alipomaliza kupimwa nilimwita yeye kwanza, nikamwandika mstari wa arobaini na moja, nikamfungulia bahasha ya wifi. Kisha nikamwita wifi, nikamfungulia bahasha ya yule mwanamke. Nani angekumbuka nani alitangulia kwenye benchi?

Wifi hakujua lolote. Wewe pia hukujua. Lile neno lako la mlangoni lilikuwa mzaha, na nakusihi usijitwishe hata punje ya mzigo huu. Mtu hafanyi jambo kama lile kwa sababu ya mzaha wa ndugu. Nililifanya kwa sababu mmoja nilimpenda na mwingine sikumjua. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta.

Kwa miezi minane nilijiona mjanja. Ulipokuja likizo ukanishika mabega, nilijiambia kwamba sheria zimetungwa kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya sheria, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mtu hujiambia mambo yakimwendea vizuri. Macho yalipoanza, nilijiambia ni ajali. Lakini mwokaji aliponifariji kwa ajili ya kura yangu mwenyewe, sikuwa na la kujiambia. Nilimnyima mmoja dawa na mwingine nikamnyima macho, kwa tendo moja, kabla ya chai ya saa nne.

Wifi nilimwambia kwanza. Alikuwa anashona kola ya shati. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akageuza kichwa chote ili anione, maana sasa ni lazima ageuze kichwa chote. Nikasema yote. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mkono gani?" Nikamwambia wa kulia. Akautazama wake wa kulia uliokuwa juu ya kitambaa. Kisha akasema, "Ulinipenda vibaya, wifi," akaniomba nitoke amalizie kola. Nilisimama nje ya ule mlango nikisikiliza cherehani. Haikuanza mpaka nilipoondoka.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari mkuu. Nilidhani atapiga meza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aliniuliza kama kuna bahasha nyingine. Nikamwambia hakuna, ni mbili hizo tu. Akasema ananiamini, lakini hawezi kuandika kwenye ripoti kwamba ananiamini. "Ungeniibia dawa, ningejua nimepoteza vidonge vingapi," alisema. "Sasa nina majina mia moja na sitini, na kila moja nitalitazama nikijiuliza." Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kamati ya wizara ilikuwa inangoja matokeo yetu ili iamue kama dawa mpya iingizwe kwenye orodha ya dawa za vituo vyote, na kwa masharti gani. Kuna wagonjwa ambao dawa zote zimewashinda, ambao wakielezwa habari ya macho wangesema afadhali kuona njia nyembamba kuliko kufia kwenye ndoo ya maji. Hao nao sasa watangoja. Kikao kimeahirishwa miezi sita mpaka daftari langu likaguliwe mstari kwa mstari. Nilikuwa nimehesabu watu wawili niliowadhuru. Yeye alinionyesha foleni ambayo sioni mwisho wake.

Nimesimamishwa kazi. Ufunguo nimeurudisha. Tarehe kumi na nne ya mwezi ujao nitasimama mbele ya baraza la wauguzi, nami nimekwisha kuandika kwamba sitaleta mtetezi. Huenda wakaninyang'anya leseni, huenda wakanifungia kwa muda. Kamati ya maadili ilitaka mwokaji aambiwe rasmi, na niliomba niwepo. Walikubali, ila aliye na haki ya kuniondoa chumbani ni yeye.

Hakuniondoa. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ningepona?" Daktari akamjibu kwa haki kwamba pengine angeacha kuanguka, na pengine macho yake yangepungua kama ya mwenzake, hakuna ajuaye. Akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia mimi. Hakupaza sauti, na mimi niliyezoea kicheko chake nilitamani angepaza. Alisema, "Ile kura niliikubali, nikaitilia sahihi. Wewe sikukutilia sahihi."

Hilo ndilo neno lote alilonipa. Kliniki imembadilishia dawa, na inasemekana hii ya sasa inaanza kumfaa. Kuhusu fidia yake na ya wifi, kamati inaishughulikia, na mimi nimeandika popote palipohitaji kuandikwa kwamba kosa ni langu, si la mgonjwa yeyote. Juzi nilisikia kwamba wifi amemwomba muuguzi mwenzangu ampeleke kwa yule mwokaji. Walikaa pamoja mchana kutwa. Sijui walizungumza nini, wala si haki yangu kujua. Aliporudi alikuwa amebeba mkate, akaukata, akaweka vipande mezani, na mimi pia nikapewa. Nilikula changu chote.

Kaka, najua unaweza kuichana barua hii. Najua unaweza kuja leo. Ukija, usije na hasira mbele ya mtoto, na usishike mkono wa wifi kwa ghafla kutoka pembeni, atashtuka. Mwite kwanza, kisha ujitokeze mbele yake. Vitu ndani ya nyumba usivihamishe. Amevipanga mwenyewe na anajua kila kimoja kilipo.

Mama anakusalimu. Hajaelewa yote, au anajifanya hajaelewa. Ameniambia tu kwamba nilikuwa mtoto wa kusema kweli, kwa sauti ya mtu anayezungumzia marehemu. Binti yako anakusalimu kwa mluzi, ambao nashindwa kuuandika. Wasalimie wenzako wote wa kambini.

Nilimwomba wifi aongeze japo mstari mmoja hapa chini. Alisema habebi ujumbe wa mtu mwingine, mimi nimalize mwenyewe nilichokianza. Lakini nilipokuwa nafunga bahasha aliniita, akaniambia nikufikishie salamu zake, na neno moja tu pamoja nazo. Amesema usije ukanisamehe kabla yake. Zamu ya kwanza ni ya mwokaji, ya pili ni yake, na yeye bado hajafika.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku